Redio Iliyokuwa Rahisi Kupita Kiasi

Nyumba ya Mabruki,
Gongoni, Tabora.
Novemba 1973

Meneja,
Duka la Redio, Baiskeli na Taa,
Tabora Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KURUDISHA REDIO RAHISI NA KUPEWA NGUMU

Natumaini barua hii itakukuta u mzima na duka linakwenda vizuri. Sisi huku Gongoni ni wazima pia, ukiacha viganja vya mikono, ambavyo vina malengelenge kwa sababu nitakazozieleza hapa chini kwa utaratibu.

Naitwa Twalibu, fundi cherehani wa barazani kwa Mabruki. Huenda hunikumbuki kwa sura, lakini karani wako Abasi ananijua sana. Ile suruali ya kijivu anayovaa kazini nimeishona mimi. Akikwambia inambana, usimsikilize. Suruali ni ileile; aliyebadilika ni Abasi.

Mwezi wa saba mwaka huu mimi na mdogo wangu Saidi, ambaye ni fundi bati, tulikuja dukani kwako kumnunulia redio bibi yetu, Bi. Mwanamkuu. Yeye ndiye aliyetulea baada ya wazazi wetu kufariki. Baba yake, huyo Mabruki mwenye nyumba, alikuwa mpagazi wa misafara. Alitoka hapa na mzigo mpaka Bagamoyo, akarudi na mzigo mwingine, na juu ya mzigo akabeba habari za njia nzima. Bibi alikulia katika nyumba ambayo habari huingia kwa miguu, hunawa, hula ikashiba, ndipo husema. Umri wake hakuna aujuaye. Mwenyewe husema Mjerumani alimkuta anajua kuteka maji. Sasa macho yake yameingia ukungu. Kwa hiyo kila alasiri alikuwa akiniita kutoka chumbani, "Twalibu, njoo unisomee dunia," nami huweka chini suruali za watu, nikaenda, nikamsomea gazeti zima mpaka matangazo ya mnada.

Lakini mwaka huu sare za shule zilinielemea, na siku nyingine nilichelewa kwenda. Mke wangu Zamda akasema, "Mnunulieni redio. Mtu mzima asikae anangoja mlango." Tukakubaliana sote, kwa sharti moja tu: iwe redio rahisi kutumia.

Abasi ni shahidi wa masharti yetu. Tulimwambia iwe nyepesi, maana mikono ya Bibi inatetemeka. Isitegemee maandishi, maana hayaoni. Isiwe na vitufe vingi, maana akipotea humo nani atakwenda kumtafuta. Na ikianguka isife. Abasi akaleta moja yenye vitufe vingi kama koti la askari wa gwaride. Tukaikataa. Akaleta nyingine ambayo, ili iseme, sharti uvute antena, ubonyeze kushoto, uzungushe kulia, kisha usubiri ifikirie. Saidi akasema hiyo si redio, ni mtihani wa darasa la saba. Mwisho Abasi akainama chini ya meza, akatoka na kile kidude chenye ganda jekundu na vitufe viwili tu vya kuzungusha: kimoja cha kufungua na kupandisha sauti, kingine cha kutafuta stesheni. Akasema, "Hii hata mtoto mchanga anaiweza." Wakati ule sikuelewa kwamba lilikuwa onyo.

Tulipofika nyumbani Saidi akadondosha tone la risasi ya kulehemu pale hasa penye stesheni ya taifa, ili kidole cha Bibi kikipapasa hapo kijue kimefika. Ilikuwa kazi safi. Ningejua, ningemshika mkono.

Kutokana na redio hiyo, Ndugu Meneja, yametupata haya yafuatayo:

1. Haikutupa nafasi ya kumfundisha.

Tulikuwa tumepangiana zamu. Zamda angemfundisha asubuhi, Saidi mchana, mimi jioni, na tulitarajia kazi hiyo itatufikisha mavuno ya mahindi. Zamda akamwekea redio mapajani, akamshika kidole kwa upole, akaanza, "Bibi, hapa ndipo unapo..." Bibi akazungusha. Mtu akasema kutoka Dar es Salaam. Bibi akazungusha tena, yule mtu akanyamaza. Akamfungua, akamfunga, akampandisha, akamshusha, kisha akatugeuzia uso na kuuliza, "Na jingine?"

Hakukuwa na jingine. Chai tuliyomtilia ilikuwa bado inafuka.

Ndugu Meneja, mzee anaponunuliwa kitu kipya, jamaa zake hutegemea kukaa karibu naye siku nyingi, wakimwelekeza na kunong'onezana kwamba haelewi. Hiyo ni haki ya jamaa. Redio yako imetudhulumu.

2. Imeninyang'anya kiti changu.

Gazeti huja na treni. Treni yenyewe unaijua. Redio haipandi treni. Siku ya kwanza nilikwenda chumbani na gazeti kwapani kama kawaida, nikakaa kwenye kigoda changu, nikakohoa, nikasoma kichwa cha habari. Bibi akasema, "Hiyo ya juzi." Nikafungua ukurasa wa pili. Akasema, "Hiyo alisema jana asubuhi, na jioni akairekebisha." Nikamsomea mnada. Mnada alinisikiliza mpaka mwisho, lakini kwa kunihurumia.

Hayo ningeyameza. Tatizo ni wateja. Watu wa Gongoni hawakuwa wakija kwangu kwa ajili ya suruali tu. Walikuja wapimwe kiuno na wakati huohuo wasikie ulimwengu unakwendaje. Sasa mtu anafika barazani, ananyosha mikono nimpime, anasikia sauti ya Bibi ndani akieleza habari za bei ya tumbaku, basi ananiacha na utepe mkononi anaingia huko. Nina vitambaa vya watu ambao nimewapima bega moja.

Siku hizi Bibi akiniita ni kwa maswali. Juzi aliniuliza nchi iitwayo Chile iko wapi. Nikamwambia, "Mbali." Akasema, "Mbali na wapi?" Nimesoma mpaka darasa la nane, Ndugu Meneja, na swali hilo sikufundishwa.

3. Imeharibu saa.

Tuna saa ya ukutani aliyoiacha marehemu babu. Kwa miaka mingi imekuwa nyuma kidogo, na sisi tumekuwa nyuma pamoja nayo kwa amani. Sasa redio inatangaza saa mbili kamili, na Bibi anatangaza baada yake, kwa sauti kubwa zaidi, majina ya wale ambao saa mbili kamili imewakuta bado wanakunywa uji. Saidi, ambaye ni mtu mzima mwenye ndevu, nimemwona anakimbia.

4. Vyoo.

Hapa naomba uvumilivu wako. Kuna kipindi cha afya ambacho watu hukaa vikundi wakakisikiliza. Bibi alikisikiliza, akatuita uani, akasema, "Redio imesema kila nyumba iwe na choo cha shimo, kirefu, chenye kifuniko." Nikamwambia, "Bibi, choo tunacho." Akasema, "Ni kirefu?" Hakuna aliyewahi kuchunguza. Basi mimi na Saidi tukachimba. Ardhi ya Tabora wakati wa kiangazi unaijua. Jembe linaruka kama limegonga reli. Tulimaliza, tukaweka kifuniko, tukamwongoza Bibi akakipapasa kwa fimbo, akasema Mungu atulipe.

Siku chache baadaye kipindi kilekile kikarudiwa, kwa ajili ya waliokikosa. Bibi akatuita tena uani. Nikamweleza kwamba ni marudio tu. Akatikisa kichwa, akasema, "Twalibu, mtu mzima akikurudia jambo lilelile, maana yake hakuridhika."

Tumechimba cha pili.

Sasa habari ikamfikia Lugembe, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mwema lakini mwenye kupenda mifano. Akaja na watu wa tawi kutazama nyumba yenye vyoo vingi kuliko vyumba vya kupangisha. Alikuwa ameshika kofia mkononi kama yuko ziarani. Akatoa hotuba fupi pale uani, akasema hivi ndivyo mji wetu unavyotakiwa kuwa. Watu wakapiga makofi. Baada ya makofi, Ndugu Meneja, huwezi kusema ulichimba kwa kukosea. Wageni wanazidi kuja. Mmoja alitoka Nzega. Zamda anawapa michembe ya viazi vitamu na maji ya kunywa yaliyochemshwa, maana hilo nalo redio ilisema, na kuni zinakwisha.

5. Misiba ya watu tusiowajua.

Kila siku hutangazwa waliofariki, na jamaa zao waliotawanyika wanatajwa ili habari ziwafikie. Wewe na mimi tukisikia tangazo kama hilo la mtu wa mbali, tunasema poleni, tunaendelea kula. Bibi hawezi. Kwake yeye, habari iliyoingia nyumbani mwako ni yako. Mtu akifariki Lindi, Bibi huvuta upande wa kanga akafunika kichwa, na wali hupozwa. Tumewalia watu wa Songea, wa Musoma, na mzee mmoja wa Pangani ambaye kwa maelezo ya Bibi alikuwa mtu wa heshima sana, ingawa redio ilitaja jina lake tu.

Mwezi uliopita likatoka tangazo la mtu fulani aliyefariki Moshi, ikasemwa habari ziwafikie jamaa zake walioko Usoke. Bibi akamwita Saidi. "Usoke ni hapo tu, treni inasimama. Nenda ukawape pole." Saidi akasema, "Bibi, hatuwajui." Bibi akasema, "Redio inawajua. Kawaulize watu."

Saidi akaenda akinung'unika. Alishuka Usoke, akauliza, akaelekezwa kwenye mashamba ya tumbaku. Akamkuta mama mmoja, jina lake Eustadia, pamoja na mdogo wake wa kike, wanamwagilia kitalu cha miche. Saidi anasema alifika akiwa ameshaanza kusema "poleni na msiba," na yule mama akamjibu kwa uchangamfu, "Msiba gani tena, baba?" Hawakuwa na habari. Kijijini kwao kuna redio moja tu, na wiki hiyo betri zilikuwa zimekwisha. Marehemu alikuwa kaka yao wa kwanza, aliyekwenda Moshi kufanya kazi zamani na akawa anaandika kila Pasaka.

Saidi hakujua mahali pa kushika. Anasema ndoo ilikuwa mkononi mwa yule mama, naye akaipokea, kwa sababu hakuona kitu kingine cha kufanya, akaendelea kumwagilia miche mpaka mstari ukaisha. Alikwenda kwa siku moja. Alikaa matanga yote. Amerudi, na mabati ya watu niliyokuwa nawaahidi kwa niaba yake yamelala. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Kaka, walinishukuru," akashika nyundo, akaiweka tena.

Mimi nakuuliza, Ndugu Meneja, katika masharti tuliyompa Abasi, kuna mahali tuliposema tunataka redio ya kututuma Usoke?

6. Sikonge.

Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Bibi amekuwa akisikiliza habari za vijiji vya ujamaa, akizitafuna taratibu. Wiki iliyopita, nikiwa natia uzi kwenye cherehani, Lugembe akafika barazani akinyosha mkono. "Mwangaluka, Twalibu. Nimekuja kukupongeza." Nilidhani ni vyoo. Akasema, "Nyumba ya kwanza Gongoni kujitolea. Bi. Mwanamkuu amewaandikisha nyote kwenye kijiji kipya cha wafuga nyuki kule upande wa Sikonge. Lori linakuja Jumamosi."

Nikaingia ndani mbio, nikapiga magoti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, sisi ni watu wa mjini. Baba yetu alikuwa fundi, babu yetu fundi. Nyuki nitamfanya nini?"

Akasema, "Nyuki atakufanya wewe. Kila siku nasikia nchi inaitwa, na sisi tumekaa kivulini tunakunja pindo za suruali. Baba yangu alikwenda pwani kwa miguu na meno ya tembo ya watu wengine mabegani. Wewe unapewa lori."

Nikamwambia mkono wangu umezoea sindano. Akasema basi nyuki nao wana sindano, tutaelewana.

Ndugu Meneja, nilitazama kando nicheke au nilie, nikaona Zamda tayari anafunga vyungu kwa kamba.

Baada ya kukueleza hayo yote, sasa naleta OMBI langu, ambalo natumaini utaliona ni la haki.

Naomba uipokee redio hii nyekundu, ambayo haina kasoro yoyote na ndiyo kasoro yake, unipe badala yake redio ngumu. Vitufe visipungue vidole vya mikono miwili. Maandishi yawe madogo, na ikiwezekana ya Kijapani. Stesheni isikae mahali pamoja. Leo iwe hapa, kesho kule, ili hata aliyeipata jana aanze upya. Ikiwa ni ya namna ile ambayo haisemi mpaka ipigwe kofi ubavuni, nitashukuru, maana Bibi hapigi mtu. Nataka redio ambayo mzee mwenye heshima zake ataishika alasiri, ataihangaikia, ataiweka chini, na kuita jina la mjukuu wake.

Ikiwa huna ya namna hiyo, basi mtume Abasi aje nyumbani amweleze Bibi kwamba redio nyekundu zote zimeitwa kiwandani zikapumzike. Aje amevaa koti. Asije na ile suruali.

Naomba jambo hili lishughulikiwe kabla ya Jumamosi, kwa kuwa mzinga wa kwanza umeshaletwa uani na Lugembe ili tuuzoee, na umewekwa kati ya choo na choo.

Salamu nyingi kwa mama watoto, kwa wafanyakazi wote wa dukani, na kwa yule mzee anayetia pumzi baiskeli hapo nje, ambaye hakunifanyia ubaya wowote. Bibi anakusalimu pia. Hajui nakuandikia nini, lakini amesema mwenye duka husalimiwa.

Ni mimi, ninayekuheshimu nikiwa na jembe mkononi,

Twalibu,
Fundi cherehani

Nakala kwa: Ndugu Lugembe, Balozi wa Nyumba Kumi (asisomewe sehemu ya sita).

Nyongeza baada ya sahihi:

Ndugu Meneja, barua ilikuwa tayari na stempu nimeshaibandika, ndipo nikafikiri si vizuri mtu kuomba kitu ambacho hajakijaribu. Nikaenda kwa jirani yetu Raymundi, karani wa reli, mwenye redio kubwa kama kabati, ambayo yeye mwenyewe hutumia kitufe kimoja tu na vingine anaviogopa. Nikaiazima. Nikaipeleka kwa Bibi, nikamwambia ni mpya zaidi, nikachukua ile nyekundu nikaja nayo barazani, nikaiweka juu ya cherehani.

Nikakaa kungoja aniite.

Katika kungoja, nikaifungua ile nyekundu kidogo, ili tu kuhakikisha kwamba nakurudishia kitu kizima. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Wakasema amefariki Benedikta fulani huko Mwanza, atazikwa kesho jioni, na habari zimfikie mdogo wake Shilinde aliyeko Tabora. Nikaifunga. Nikashona mshono mmoja, nikitumaini yuko Shilinde mwingine. Lakini Shilinde ninayemjua mimi anauza vitunguu sokoni, na dada yake wa Mwanza ndiye aliyemlea. Amenisimulia mwenyewe nikimpima.

Nikaacha suruali, nikaenda. Sikujua mtu huanzaje. Nilimwamkia, nikanunua vitunguu ambavyo sikuvihitaji, kisha nikamwambia. Aliendelea kupanga vitunguu kwa mafungu, vikubwa kwa vikubwa, kwa muda. Halafu akaniuliza, "Wamesema watamzika lini?" Nilijua, kwa kuwa nilisikia. Nikamsindikiza stesheni, akawahi treni ya jioni. Vitunguu vyake nimeviuza mimi mpaka soko lilipofungwa, na inasemekana niliviuza vibaya.

Niliporudi nyumbani nikasikia sauti nyingi kutoka chumbani kwa Bibi, nikafikiri ni wageni wa vyoo. Hawakuwa wao. Ile redio ya Raymundi Bibi ameifungua peke yake kwa kuipapasa. Ameshapata Bujumbura, Nairobi, na mtu mmoja anayesema Kiarabu safi ambaye anamjibu. Aliponisikia mlangoni akasema, "Huyu ni kaka yake yule mdogo. Ana maneno mengi, lakini anasikika. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa wapi. Akapapasa kigoda, akakisogeza karibu na kitanda, nikakaa. Tulisikiliza Bujumbura mpaka Zamda alipoleta ugali.

Nikamuuliza, "Bibi, ukienda Sikonge, gazeti nani atakusomea?" Akasema, "Huko gazeti halifiki. Utapata nafasi ya kushona." Na kweli Lugembe ameniambia watu wa nyuki hupanda miti kutwa, na hakuna suruali inayomaliza mwezi. Cherehani imeshafungwa gunia.

Kwa hiyo naomba uihesabu barua hii kama haikuandikwa. Naituma kwa sababu ya stempu tu. Redio nyekundu siirudishi, na mtu akija kuichukua atanikuta mlangoni. Raymundi amerudishiwa yake. Bibi amemfundisha vitufe vilivyobaki.

Ninalo swali moja, nalo nakuomba unijibu upesi kupitia kwa Abasi. Je, hii redio nyekundu, ukiiingiza msituni kule upande wa Sikonge, inashika vizuri? Kama haishiki, nijulishe kabla ya Jumamosi, ili tusiende.

T.